Siku Nne Neuchâtel

Uswisi, 11 Mei 2025

Baba yangu Adalbert,

Nakusalimia nikiwa nimepiga magoti, ingawa huoni. Mimi ni mzima. Baridi imepungua, na watu wa huku wameanza kukaa nje wakiota jua kama mijusi. Olivier kaka yangu na mke wake wamesharudi Munigi, au bado mmebanana wote katika nyumba ya Ndosho? Mtoto wao amebatizwa? Msalimie jirani yetu Alliance. Mwambie kwamba cherehani yake bado naisikia nikiwa usingizini.

Najua hupendi simu. Kila nikipiga unasema, "Tumesikiana, inatosha," kisha unakata. Ndiyo maana naandika, na majibu yako mpe papa Paulin wa Birere, kwa kuwa yeye huvuka mpaka kwenda Gisenyi na ataweza kuyatia posta.

Papa, nina wazo. Njoo upumzike kidogo. Siku nne tu, mwezi wa tisa. Kuna mji unaitwa Neuchâtel. Watu wake wanasema Kifaransa, kwa hiyo hutapotea. Ziwa liko mbele yake kama letu lilivyo mbele ya Goma, na nyuma yake kilima kizima kimepandwa mizabibu kwa mistari, kama maharagwe ya Masisi. Mwezi huo wanavuna, na wanasema mji wote unanuka divai. Rafiki yangu Mahoro, mtu wa Rutshuru, ana nyumba ndogo huko na atatupa chumba. Tutatembea, tutakaa. Hutafanya kazi yoyote.

Kuna jambo jingine pia. Tangu mama atutoke mwezi wa kwanza, sijaambiwa kitu. Alliance aliniambia kwenye simu kwamba mama, saa ya mwisho, alisema maneno yaliyo yangu. Nikauliza, "Maneno gani?" Akalia, akasema, "Uliza papa." Sasa nakuuliza. Kama huwezi kuyaandika, yalete Neuchâtel. Lakini usinifiche.

Binti yako,
Annonciata

Usinisahihishie barua hii kwa wino mwekundu. Nimeshakuwa mkubwa.


Goma, Ndosho, 15 Juni 2025

Annonciata mwanangu,

Barua yako imefika. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa upya. Sijui ni nani aliyefanya hivyo, na sikumwuliza Paulin.

Tuko hai. Benki zimefungwa na ndege hazitui tangu vita vya mwezi wa kwanza, lakini chukudu, zile baiskeli za mbao, bado zinateremka na mkaa kila asubuhi na watoto bado wanagombania mabomba ya maji. Olivier amekwenda Munigi kuezeka nyumba. Mke wake amebaki kwangu na mtoto. Mtoto alibatizwa siku ya Pentekoste, akampigia padri kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Ameitwa Athanasie kwa heshima ya mama yako. Nikiliita jina hilo, wakati mwingine nageuka kungoja mwingine aitike.

Makosa yako nimeyasahihisha kwa wino wa bluu, kwa kuwa umeshakuwa mkubwa.

Kuhusu maneno ya mama yako. Ni kweli yapo. Nilikuwapo na nayakumbuka yote. Lakini katika ukoo wetu maneno ya mtu anayekufa hayaandikwi, wala hayapitishwi katika simu. Aliyeyasikia huyabeba mwenyewe, akakaa na mwenye maneno goti kwa goti, akayatia sikioni mwake. Babu yako alitembea kwa miguu kutoka Masisi hadi Rutshuru kwa ajili ya maneno ya dada yake.

Tena, haya ya mama yako ni maneno yanayofunga. Neno la mwisho la mzazi humfunga mtoto. Anayeweza kumfungulia ni mzazi aliyebaki, naye hufanya hivyo kwa kinywaji: hukitia kinywani, humpulizia mtoto kifuani, kisha husema maneno ya kufungua. Simu hupeleka sauti, haipeleki mate. Kwa hiyo nitakuja.

Nimefikiri juu ya kinywaji. Desturi inataka kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nayo siwezi kupanda nayo ndege. Itapasua chupa na kuwalowesha abiria. Lakini umesema huko ni nchi ya divai. Divai inakubaliwa altareni, na sioni sababu ya mababu kuikataa. Tafuta nyekundu, isiyo tamu.

Nina swali moja. Wewe una kazi hotelini na una karatasi za kukaa huko. Kwa nini usije wewe, tukaonana hata Gisenyi? Magoti yangu si yale uliyoyaacha.

Baba yako,
Adalbert


Uswisi, 13 Julai 2025

Papa mpendwa,

Nimefurahi sana kwa ajili ya Athanasie mdogo. Picha yake nimeibandika ukutani. Ana paji la uso la mama. Mungu amsaidie yule atakayebishana naye. Mimi sina ugonjwa wala shida.

Kuhusu mimi kuja: kazi ni nyingi, na mwezi wa tisa hawaruhusu watu kuondoka. Tuache hilo.

Nilikwenda Neuchâtel kututafutia njia. Nyumba zake za zamani ni za mawe ya manjano. Utafikiri mji umejengwa kwa siagi. Siku ya kwanza hatutafanya kitu, utalala. Siku ya pili tutapanda meli, maana iko meli inayozunguka ziwa polepole kama padri mzee. Siku ya tatu tutapita katikati ya mizabibu kwa miguu. Njia ni tambarare, nimeijaribu nikiwaza magoti yako. Kila baada ya hatua chache kuna benchi. Siku ya nne ndiyo ya kazi yetu.

Nilimweleza Mahoro kazi yenyewe. Akasema, "Dada, muzee wako akianza kupulizia batu divai kando ya ziwa, polisi watasema amelewa." Nikamwambia tutafunga mlango. Akasema, "Basi mufunge na dirisha. Huku majirani wanaona kila kitu."

Divai nimeipata kwa mkulima mwenyewe. Aliniuliza tutainywa na chakula gani, ili anichagulie. Nikasema hatutakula. Akanitazama kwa huruma, akanipa chupa nzuri.

Sasa sikiliza vizuri. Karatasi za viza nimekujazia zote, na Mahoro ndiye anayekualika. Kule Kigali, kwenye ofisi ya viza, ukiulizwa kusudi la safari, sema: utalii. Siku ngapi? Nne. Utarudi lini? Tarehe ishirini na mbili, tiketi hii hapa. Halafu funga mdomo. Usieleze. Papa, nakuomba, usieleze. Wewe unapenda kueleza.

Annonciata wako


Goma, 24 Agosti 2025

Mwanangu,

Nyumbani ni salama. Olivier amemaliza kuezeka. Alliance amepata kazi ya kushona sare za shule, na mashine haipumziki. Amenishonea shati jipya kwa ajili ya safari na amekataa malipo.

Sikupata viza.

Nilivuka mpaka alfajiri na kufika Kigali nikiwa nimevaa shati hilo. Kwenye dirisha alikaa mwanamke kijana, mwenye adabu. Aliuliza, "Papa, kusudi la safari?" Nikajibu, "Utalii." Akauliza, "Kwa nini umechagua Neuchâtel?"

Lile neno "utalii" lilikuwa bado mdomoni mwangu kama kijiwe kwenye wali. Annonciata, anayebeba maneno ya marehemu hasemi uongo njiani. Akisema, maneno aliyoyabeba huharibika, na akifika hana kitu cha kutoa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Nilikuwa nimeanza kumwaga urithi wako mbele ya dirisha la kioo.

Nikasema, "Mama, samahani. Siendi utalii. Nampelekea binti yangu maneno ya mama yake aliyekufa."

"Una binti kule? Hapa imeandikwa huna jamaa yeyote."

"Ninaye."

"Na utarudi lini?"

"Tiketi inasema tarehe ishirini na mbili. Lakini kazi hii haitajiwi siku ya mwisho. Nitarudi itakapokwisha."

Aliacha kuandika. Akasema, "Pole sana, papa, kwa msiba." Alisema kwa moyo, nilimwona. Karatasi ya kunikatalia ilifuata baadaye. Inasema hawana hakika kwamba nina nia ya kurudi nyumbani. Mimi, ambaye nimekataa kuihama Ndosho hata risasi zilipokuwa zikipita juu ya bati!

Usihuzunike. Kata tiketi, uje wewe. Kigali, Kampala, popote. Siku nne zilezile. Hata Gisenyi kuna ziwa, na divai inauzwa dukani. Mwambie mkubwa wako wa hoteli kwamba ni jambo la mama.

Baba yako


Uswisi, 14 Septemba 2025

Papa,

Nasalimia watu wote wa nyumbani.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Niliipasua. Kisha nikaokota vipande na kuviunganisha kwa gundi, kwa sababu ni mwandiko wako.

Neno moja tu, papa! Nilikuomba neno moja. Ungelisema, ungelitubu kwa padri Jumapili, na leo ungekuwa unafunga sanduku. Mahoro alikuwa ameshatandika kitanda chako. Nilikuwa nimekununulia soksi nzito. Nimekasirika, na nikikasirika naona aibu, kwa sababu najua ulisimama pale na shati lako jipya ukijaribu kunilinda.

Unasema nije Kampala. Siwezi. Sina kazi hotelini. Masomo yangu yalikwisha, na karatasi za mwanafunzi zikaisha pamoja nayo. Goma ilipochukuliwa na waasi niliomba hifadhi. Nakaa milimani, katika nyumba ya watu wanaongoja jibu, chumba kimoja wanawake sita. Mgeni haruhusiwi kulala hapo. Ndiyo sababu nilitafuta Neuchâtel, ili usione ninapokaa. Nikivuka mpaka wa nchi hii, ombi langu linakufa. Wakinikubali, sitaruhusiwa kuikanyaga Goma. Wakinikataa, watanifukuza, na sijui nitashukia wapi.

Mama hakujua. Alikuwa akijisifu kanisani kwamba mwanawe anavaa koti la hoteli. Kila Jumapili nilimwacha ajisifu.

Sasa unajua. Sioni siku ambayo tutakaa goti kwa goti. Yaandike, papa. Nakuomba. Unasema yanafunga. Mimi nimeshafungwa.

Annonciata


Goma, Ndosho, 12 Oktoba 2025

Annonciata, mwanangu,

Mvua zimerudi. Mtoto ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba. Juu ya hoteli sina hasira. Mama yako angekuwa nayo, kisha angekupikia.

Nimekwenda kwa wazee wawili wa ukoo waliobaki. Mmoja alikataa kabisa. Mwingine alisema, "Fanya unavyoweza." Hivi ndivyo ninavyoweza. Ukimaliza mstari huu, usisome zaidi. Chukua barua hii uende Neuchâtel, ukae na Mahoro goti kwa goti, yeye akusomee kwa sauti, ili maneno yaingie kwa sikio.

Mahoro, mwanangu, nakushukuru kwa chumba ambamo sikulala. Soma taratibu.

Mama yako alikuwa na shinikizo la damu, unajua. Siku zile za vita dawa ziliisha, na hakuna aliyeweza kutoka kwenda kutafuta. Alipooza upande mmoja. Alliance aliruka ukuta wa nyuma akaja kukaa nasi. Asubuhi moja, Alliance akiwa anamfuta uso kwa kitambaa, mama yako alifungua macho na kumtazama kwa muda mrefu. Ninayaandika kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha.

Akasema, "Njo weye, Annonciata?"

Alliance alinitazama. Akajibu mwenyewe, "Njo miye, mama."

"Umekonda. Kule habakupatiaka chakula?"

"Banatupatia, mama."

"Uongo. Uko mifupa tu. Toa ile koti, huku haiko baridi."

Alliance hakuwa na koti. Alifanya kama anayevua. Mama yako akatabasamu kwa ule upande uliokuwa bado wake. Kisha akamshika mkono, akasema, "Usiende tena. Unasikia? Ukienda tena, nitakukasirikia hata kule naenda. Apa."

Alliance akalia. Mama yako akasema, "Unalia nini? Apa."

"Haki ya Mungu, mama, siendi tena fasi yoyote."

"Bon. Ikala hapa, basi." Akalala na mkono ule mkononi mwake. Hakuamka.

Hayo ndiyo maneno yako. Alikufa akiwa na furaha, akijua umefika. Nilichelewa kukuambia kwa sababu nilijua utauliza ni nani aliyekuwa ameketi pale ulipopaswa kuketi. Na nilijua kwamba amekuagiza kitu usichoweza kukitii.

Kwa hiyo ni lazima ufunguliwe, usije ukaishi ukiwa umebeba hasira ya mama yako. Mate yangu hayafiki kwako. Lakini Alliance aliyapokea maneno kwa jina lako na akaapa kwa jina lako. Anaweza pia kufunguliwa kwa jina lako. Siku ya Marehemu Wote, tarehe mbili Novemba, baada ya misa, tutashuka naye ziwani na kasiksi. Nitampulizia kifuani na kusema maneno ya kufungua. Baada ya hapo kaa unakokaa, mwanangu, bila hofu.

Baba yako


Neuchâtel, 9 Novemba 2025

Papa,

Barua yako ilinifikia tarehe sita, siku ya Marehemu ikiwa imeshapita. Nasalimia nyumba nzima, na yule anayeng'ata.

Nilitii. Niliikunja na kupanda treni bila kusoma zaidi. Zabibu zimeshavunwa, majani ni ya njano na mengi yameanguka. Mahoro alifunga mlango na dirisha, kisha tukakaa jikoni kwake goti kwa goti. Shuleni alifundishwa Kifaransa. Kiswahili anakisema, lakini akikisoma huenda kama mtu anayetembea peku juu ya mawe ya volkano. Alirudia kila mstari, kwa hiyo kila neno la mama nimelisikia mara mbili.

Alipofika "Umekonda," aliinua macho akasema, "Si ni kweli?" Tukacheka, papa. Tulicheka sana. Alipofika "Usiende tena," aliweka barua mezani. "Sisomi." Nikamwambia, "Soma." "Dada, sisomi." "Mahoro, soma, ni mama yangu." Akasoma.

Namshukuru Alliance. Sijui namna ya kumshukuru. Nilimwonea wivu usiku kucha, na asubuhi nilitamani kumbusu mikono. Umwambie yote mawili.

Papa, tarehe mbili saa za misa yenu nilikuwa nikipiga deki korido. Sikusikia kitu. Nilifikiri mtu akifunguliwa husikia.

Ninataka kukuomba jambo, na labda nimechelewa. Huku kila anayeniuliza kitu anauliza nilikuja lini na nitaondoka lini. Hakuna aliyewahi kuniambia, "Usiende, kaa." Ni mama peke yake aliyesema hivyo, tena hakunishika mkono mimi. Hasira yake naitaka. Mtu hukasirikiwa na watu wake. Kama hujanifungulia, usinifungulie. Kama umeshanifungulia, tafuta namna ya kunifunga tena.

Annonciata


Goma, Ndosho, 30 Novemba 2025

Mwanangu Annonciata,

Tumeipata barua yako, na Alliance nimemwambia yote mawili. La wivu limemfurahisha kuliko la shukrani.

Sijakuandikia tangu tarehe mbili kwa sababu niliona aibu. Tulishuka ziwani baada ya misa. Alliance alipiga magoti juu ya mawe, akafunga macho, akafungua kifungo cha juu cha blauzi kama inavyotakiwa. Nikajaza kinywa. Maneno ya kufungua nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeyarudia njia nzima. Nikamtazama, amepiga magoti pale kwa jina lako, na kinywaji kikapata joto kinywani mwangu.

Nikameza.

Alliance alifungua macho. "Papa, umemeza?"

"Nimemeza."

"Afazali," akasema, akajifunga kifungo.

Tulipanda nyumbani. Sikuweza kukufungulia. Nilidhani nimekutendea ubaya, nikangoja uniambie.

Baba yako,
Adalbert